Ombi Lililofutwa

"Hakuna jambo jipya," nguzo ilisema, kwa sauti tulivu ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Baba aliyesimama mbele yake alikuwa ameleta kurasa arobaini na mbili. Bawabu, maana ndilo jina la nguzo hiyo, alizisoma zote kwa sekunde nne. Katika sekunde hizo alizilinganisha na ombi la mwaka jana la baba huyo huyo, akapitia hukumu iliyotolewa, taarifa za ustawi wa jamii, mahudhurio ya mtoto shuleni na kadi yake ya kliniki, kisha akaupima mzigo wote kwenye kile ambacho wahandisi walikiita mizani ya upya. Mizani haikusogea. Yule baba aliitukana nguzo tusi moja la haraka, akageuka kuangalia kama kuna aliyemsikia, akaondoka na kurasa zake kwapani.

Hivyo ndivyo zilivyopita asubuhi katika ukumbi wa Mahakama ya Watoto na Familia ya jiji la Itumba, mwaka wa sita tangu Bawabu asimikwe. Alikuwa nguzo nyeupe yenye kimo cha mtu mzima, mdomo wa kumezea karatasi na jicho moja la kioo. Kazi yake ilikuwa kumzuia mzazi asirudi mahakamani na shauri lile lile lililokwisha kuamuliwa. Mzazi aliyetaka amri kuhusu mtoto ibadilishwe, mtoto akae na nani, aonwe lini, asome wapi, ilimbidi aonyeshe kwamba kuna jambo jipya limetokea. Akishindwa mara tatu, Bawabu alimpiga kufuli. Kwa miaka mitatu nguzo haikusoma tena karatasi yake yoyote, hata kama wino wake ulikuwa machozi.

Na tuseme ukweli, watu walimpenda. Kabla yake walikuwepo wazazi waliopelekana kortini mara ishirini kwa sababu ya nywele za mtoto kusukwa au kunyolewa. Walikuwepo watoto waliojua majina ya mahakimu kabla ya kujua kusoma. Bawabu aliyakomesha hayo yote bila kupandisha sauti. Wageni walitoka miji ya mbali kuja kumwangalia, wakapiga naye picha kama vile yeye ndiye bwana harusi.

Aliyembuni, Mhandisi Eliwaza Mfinanga, hakupenda picha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia: akikosa cha kushika, alishika vifungo vya gauni lake mpaka vikalegea. Angeweza kumkagua Bawabu akiwa ofisini kwake, ghorofa ya tano. Lakini kila Jumanne alishuka ukumbini, akasimama pembeni, akasikiliza. Alisema ni utaratibu wa kazi. Ukweli ni kwamba kuna kitu kilikuwa kikimkereketa kifuani kwa miezi kadhaa sasa, hakujua ni nini, na alipokaa mbali na nguzo hali ilizidi kuwa mbaya.

Jumanne hiyo alimwona tena mwanamume ambaye alikuwa amemwona Jumanne mbili zilizopita. Alivaa ovaroli ya mafundi wa mitambo ya upepo, na mkononi alikuwa na karatasi moja tu. Aliisogeza kwenye mdomo wa nguzo. Mdomo haukufunguka.

"Lusajo Mwakifuna," Bawabu alisema. "Kufuli. Imebaki miezi ishirini na miwili."

Mwanamume aliikunja karatasi, akaikunjua, akaisogeza tena.

"Lusajo Mwakifuna. Kufuli. Imebaki miezi ishirini na miwili."

Ndipo alipomgeukia Eliwaza. "Dada, samahani. Nakuonaga unaongea na hiki kitu. Kinakusikilizaga?"

"Kidogo," Eliwaza alisema.

"Basi kiambie kisome mistari mitatu. Sisemi kikubali. Kisome tu."

Eliwaza alijua anachotakiwa kujibu. Kulikuwa na roboti-karani kule dirishani kwa ajili ya wenye malalamiko, na mhandisi hakuruhusiwa kuzungumza na wadaawa, yaani wenye kesi. Lakini alisikia mdomo wake ukiuliza, "Ulishindwa mara tatu kwa nini?"

Lusajo alikaa kwenye benchi. Eliwaza alibaki amesimama, akizungusha kifungo.

"Ya kwanza nilikuwa na hasira, sikufichi," Lusajo alisema. "Tumetengana mwezi mmoja, mtoto kapewa mama yake, mimi moto unaniwaka. Ya pili pia hasira, ila hiyo nilikuwa na wakili. Zikagonga mwamba zote, na ilikuwa haki. Ya tatu ndiyo niliyokuwa na hoja. Mzazi mwenzangu alininyima mtoto likizo nzima. Bawabu akasoma, akasema kuna jambo jipya, nikapangiwa jaji."

"Sasa ulishindwaje?"

"Sikushindwa. Kabla ya siku ya kusikilizwa, baba mkubwa Ambokile akatuita nyumbani kwake Uyole, upande wangu na upande wa mwenzangu. Tukakaa kikao kutwa nzima. Watu wakasemana, wakalia, shangazi yangu mmoja akataka kuondoka, akarudishwa. Saa kumi jioni tukaelewana. Jumamosi na Jumapili mtoto kwangu, siku nyingine kwa mama yake. Tukala. Baba mkubwa akaniambia, kesho asubuhi kafute kesi, hatuwezi kuelewana hapa huku karatasi yako inamngoja mwenzio kortini. Nikaja, nikaifuta. Nilitoka mlango ule pale nacheka peke yangu. Jioni napata ujumbe nimepigwa kufuli."

"Mbona hukulalamika?"

"Nilalamikie nini, dada? Tulikuwa tumeelewana. Mtoto nampata kila Jumamosi, na mwenzangu hakukosa hata moja, miezi kumi na minne. Kufuli la nini kwangu?"

Kisha akaeleza kilichomrudisha. Mama wa mtoto, Sikudhani Mrope, alikuwa muuguzi. Alikuwa amepata kazi ya miaka mitano katika Kituo cha Mwezini, ambako watu elfu sita walichimba na kufanya utafiti chini ya kuba za kioo. Angeondoka Jumapili pamoja na binti yao, Tusekile, mwenye miaka saba. Sheria ilimruhusu mzazi anayeishi na mtoto kusafiri naye popote, ilimradi mzazi mwingine hajaweka pingamizi. Na mwenye kufuli hakuwa na pa kuwekea pingamizi.

Jambo lililomnyima Lusajo usingizi lilikuwa mifupa. Mwezini mtu ana uzito wa moja ya sita ya uzito wake wa hapa. Mtu mzima akirudi duniani hutembelea mkongojo miezi michache, basi. Lakini mtoto anayekua kule, mifupa yake hujijenga kwa ajili ya kule. Madaktari walikuwa na dawa, na mashine za mazoezi, na matumaini mengi. Ila hakuna mtoto aliyekwisha kukaa kule zaidi ya miaka miwili akarudi, kwa hiyo hakuna aliyejua.

"Umeongea na mwenzako?"

"Hatufiki dakika kumi tunaanza kukumbushana ya zamani. Baba mkubwa alikuwa anatuweza, naye katutoka mwaka jana. Sisemi Sikudhani asiende, kazi hiyo kaihangaikia. Nasema awepo mtu atuulize wote wawili kabla ya Jumapili, mtoto aende au abaki kwangu. Nikishindwa, begi la mwanangu nitalibeba mwenyewe mpaka uwanjani."

"Ombi lililofutwa linahesabiwa kama lililoshindwa," Eliwaza alisema, akajisikia anakariri sentensi yake mwenyewe.

"Ndivyo nilivyoambiwa. Sijui nani aliandika hivyo. Huyo mtu hajawahi kukaa kikao cha familia?"

Eliwaza aliaga kwa haraka isiyo ya adabu. Hakusubiri lifti, alipanda ngazi.

Sentensi ile aliiandika yeye, siku ya kwanza kabisa ya kazi, kabla hata nguzo haijachorwa. Baba yake mzazi alikuwa na mtindo wa kufungua kesi Jumatatu na kuifuta Ijumaa. Mama yake alikuwa akipiga pasi gauni lake la kortini, akiomba ruhusa kazini, akipanda gari tangu alfajiri, na akifika anaambiwa shauri limeondolewa. Mara tisa. Eliwaza alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanza kuzihesabu. Kwa hiyo alipopewa nafasi ya kutunga kanuni za Bawabu, aliandika hiyo meno yakiwa yameumana, na hakuna hata mtu mmoja kwenye jopo aliyeuliza swali.

Ofisini alifungua kumbukumbu za nguzo. Fomu ya kufuta ombi ilikuwa na kisanduku cha sababu, chenye machaguo manne: sina ushahidi, nimebadili nia, tumeelewana, nyinginezo. Alikiweka kwa ajili ya takwimu tu. Bawabu hakuwahi kufundishwa kukitazama. Eliwaza aliagiza mtambo umhesabie makufuli yote ambayo ombi la mwisho lilifutwa kwa sababu ya tatu.

Yalikuwa elfu moja mia nne na kumi na mawili.

Alizunguka meza. Alifungua dirisha, akalifunga. Miaka sita watu walikuwa wakienda kukalishwa na wajomba na mashangazi zao, wakisameheana kwa taabu, wakija hapa kuifuta kesi kwa moyo mweupe, na mashine yake ikiwapokea mlangoni na kuwapiga kufuli. Waliofungua kesi kwa ukorofi hawakufuta, walipigana mpaka mwisho. Walionaswa ni wale waliopatana. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Msajili Mkuu, Bi Mwanahawa Songoro, alimsikiliza akiwa ameshika miwani mkononi.

"Kanuni haibadilishwi na mtu mmoja, Mhandisi. Jopo linakaa mwezi wa tisa. Andika, nitaunga mkono."

"Mtoto anaondoka Jumapili, Bi Mwanahawa."

"Na wengine elfu moja mia nne? Wao hawana Jumapili zao?"

"Wanazo. Lakini huyu namjua uso."

"Hilo ndilo tulilolikimbia tulipoleta nguzo," Bi Mwanahawa alisema. "Kujuana sura." "Kuna ufunguo wa dharura. Nusu ninao mimi, nusu unao wewe. Tangu tusimike hatujautumia hata mara moja."

"Ndiyo sababu nimekuja."

"Ukiutumia utaandikwa, na mwezi wa tisa jopo litakuuliza wewe, halitaniuliza mimi."

"Waniulize."

Bi Mwanahawa alivaa miwani yake. "Alhamisi, saa nne asubuhi. Atasomewa karatasi moja, si zaidi. Na nina sharti. Kuna mama upande wa pili, na mama huyo kwa miezi kumi na minne ameishi akijua mlango umefungwa. Utakwenda mwenyewe kumwambia kabla. Uso kwa uso, maana umeshaanza mambo ya nyuso."

Jioni ile ile Eliwaza alimpigia Lusajo simu kumweleza saa na sharti, na Alhamisi saa tatu na nusu alikuwa akibisha hodi ghorofa ya tisa, mtaa wa wauguzi. Sikudhani Mrope alimkaribisha ndani katikati ya maboksi. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mchangamfu, mwenye kitambaa kichwani na mikono yenye harufu ya sabuni. Mezani alikaa msichana mdogo aliyekwisha kuagwa shuleni, akichora mwezi na kuupaka rangi ya chungwa.

"Shikamoo," msichana alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Kule hakuna mvua," alimjulisha, akaendelea kupaka.

Eliwaza alijitambulisha. Alisema yote, hata ile sentensi, hata baba yake. Sikudhani alimsikiliza akikunja nguo, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozikunja vibaya.

"Kwa hiyo umemfungulia," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtoto.

"Saa nne kamili. Bawabu akiona jambo jipya, jaji atawasikiliza kesho."

"Dada yangu, wewe unajua nilivyoishi? Lusajo si mtu mbaya. Lakini miaka ile miwili nilikuwa nikisikia lifti inasimama, moyo unasimama. Nikiwa na mgonjwa mkononi nawaza nimeandikiwa nini tena. Siku aliyopigwa kufuli nililala saa kumi na moja mfululizo, mpaka jirani akaja kuniamsha. Mashine yako nilitaka kuipelekea maua."

"Na kikao cha Uyole?"

"Kikao kilikuwa kizuri." Sikudhani aliketi juu ya boksi. "Nitakuambia kitu, na ukitaka kaandike. Siku nilipojaza fomu ya kazi ya Mwezini, nilijua hawezi kunizuia. Nililijua hilo nikaandika jina la Tuse palepale. Isingekuwa kufuli, ningemfuata kwanza, tukagombana, tukaitana na ndugu, mpaka tukapata njia. Sikwenda. Sikufanya kwa ubaya. Kwa mara ya kwanza maishani niliweza kuamua bila kumuuliza mtu, nikaamua."

"Ile mifupa, wewe ni muuguzi. Unaionaje?"

Sikudhani alichukua kigauni kimoja, akakitandaza magotini, akakipapasa kama anatafuta mahali kilipochanika.

"Naiogopa," alisema. "Naiogopa kila siku. Lakini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuniuliza, basi na mimi sikujiuliza."

Eliwaza alihisi kitu kikilegea kifuani. Alitaka kumshika mkono. Alitaka kumwambia kwamba kesho watakaa mbele ya jaji, watasemana, na huenda wakatoka wameelewana, na kwamba safari hii kuelewana kwao hakutamwadhibu mtu. Aliona jinsi jambo lote linavyoweza kunyooka. Alikuwa amefungua mdomo kuyasema hayo.

Ndani ya droo ya kabati kitu kililia. Milio mitatu mifupi, kituo, mitatu tena.

Ilikuwa saa-wito, kile kikuku ambacho kila mwenye shauri mahakamani alitakiwa kuwa nacho. Hulia pale ombi jipya linapopokelewa dhidi yake. Sikudhani alikitupa kwenye droo ile miezi kumi na minne iliyopita, chini ya vitambaa, na hakuwa amekigusa tangu siku hiyo.

Kabla yeye hajainuka, Tusekile alikwisha kuinuka. Aliweka kalamu yake ya rangi ya chungwa mezani, sambamba na nyingine. Alichukua mto mdogo kwenye kochi. Hakukimbia wala hakulia. Alitembea kama mtoto anayejua ratiba, akaingia bafuni, akafunga mlango, na wote wawili wakasikia komeo likiingia mahali pake.

"Tuse," mama yake aliita. "Tuse, mwanangu, si kitu."

Komeo halikusogea.

"Alianza kujifungia hivi akiwa na miaka minne, kila kikilia tukaanza kugombana," Sikudhani alimwambia Eliwaza, macho yakiwa kwenye mlango. "Nilidhani ameshasahau."

Simu ya Eliwaza ilitetemeka mfukoni. Aliipokea kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya Lusajo, nyuma yake mwangwi wa ukumbi. "Imesoma, dada! Imesema kuna jambo jipya! Kesho saa tatu, jaji kabisa!" Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Upo huko kwao? Mwambie Tuse. Mwambie baba yake amesikilizwa."

Eliwaza aliishusha simu bila kuikata. Sauti iliendelea kufurahi, ndogo, kwenye kiganja chake. Alisogea mpaka kwenye mlango wa bafu, Sikudhani akamfuata, wakasimama wawili pale kama watu waliokuja kuomba kitu.

"Imeisha?" mtoto aliuliza kutoka ndani.

Sikudhani alimtazama mhandisi. "Mjibu wewe," alisema.

Eliwaza aliegemeza paji la uso wake kwenye ubao wa mlango. Miaka sita nguzo yake ilikuwa imepima maombi ya wazazi kwa sekunde nne, na sasa yeye alichukua muda mrefu zaidi ya huo.

"Bado, mama," alisema. "Ndiyo kwanza inaanza."

Walisubiri aseme neno. Badala yake walisikia bomba likifunguliwa mpaka mwisho, maji yakishuka kwa kishindo kwenye sinki, ili wakubwa huko nje waendelee bila yeye kuwasikia.